Nukta ya Mzee wa Mabati

Mzee anauza mabati na misumari mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, na nywila zake hampi mtu. Rekodi za DNS za duka (DNS ni daftari la intaneti linaloonyesha kila jina liko wapi) alizijaza mwenyewe, moja kwa moja kwenye faili la zoni, yaani faili lenye rekodi zote za jina la duka. Tovuti ikafunguka vizuri. Barua pepe haikuingia hata moja. Wateja wanatuma oda, zinawarudia.

“Kijana, hii seva inakula oda zangu!”

Nikaiuliza DNS barua za duka zipelekwe seva gani: dig MX duka.example +short (jina halisi amenikataza kulitaja). Jibu likaja:

10 mail.duka.example.duka.example.

Duka limezaa duka. Kwenye faili la zoni, jina lisiloishia na nukta huhesabiwa kuwa nusu jina, na seva hulimalizia kwa kubandika jina la zoni. Mzee aliandika mail.duka.example, basi. Tovuti ilinusurika kwa sababu rekodi yake ni ya A, inayobeba anwani ya IP, yaani namba ya seva, na IP haibandikwi kitu.

“Mzee, imekosekana nukta.”

“Nukta ipi?”

“Hii hii ya kumalizia sentensi.”

“Yaani mabati ya watu yamezuiwa na nukta?”

Nikamwelekeza kwa simu: weka nukta, pandisha namba ya toleo kwenye SOA, rekodi inayoitambulisha zoni, maana isipopanda seva ya pili yenye nakala, kama ipo, haitajua kuna jipya, kisha pakia zoni upya. Halafu usubiri. TTL, muda ambao jibu la DNS huruhusiwa kuhifadhiwa, aliiweka 86400, yaani saa 24 kwa sekunde, na seva za watu zilizokwisha kuhifadhi jibu bovu zina haki ya kukaa nalo mpaka muda uishe. Mwenye kujua kwamba kesho atabadilisha rekodi huishusha TTL hadi 300 leo. Mzee hakujua, na kusubiri hajazoea. Dukani kwake ukilipa unabeba.

Usiku akaona dawa ikifaa kidogo, ikizidishwa itafaa zaidi. Akaweka nukta kila mahali. www ikawa “www.”, jina linalojitegemea nje ya zoni, seva ikalipuuza kwa onyo tu. Anwani ya IP, 192.0.2.10, nayo ikapewa nukta yake. Hapo BIND, programu ya seva yake ya DNS, ikagoma: hiyo si anwani, na zoni nzima ikakataliwa. Toleo la zamani lilikuwa bado linahudumu kwenye kumbukumbu, mpaka Mzee alipoizima seva na kuiwasha “ipumzike”. Tovuti ikaifuata barua pepe. Amri ya named-checkzone ingemtajia hata namba ya mstari wenye kosa, lakini nani anamkagua Mzee?

Tulizitoa nukta moja moja, tukabakiza zilizo mwishoni mwa majina kamili.

Sasa oda zinaingia, ila si za waliopewa kadi mpya za biashara. Barua pepe imechapwa ikiishia na nukta. Kwenye anwani ya tovuti kivinjari huivumilia nukta hiyo. Kwenye barua pepe ni kosa. Nilipomgusia, alinikazia macho.

“Si wewe uliyesema?”