Nilitaka mkanda wa njano, nikawa njano mwili mzima

Nilianza karate nikiwa na miaka 36 na kitambi changu cha halali. Watu niliwaambia nataka kujilinda, ila ukweli lifti ya ofisini ilikufa siku moja nikafika ghorofa ya nne sina hata pumzi ya kuitikia salamu ya mlinzi. Dojo letu ni ukumbi wa shule tu, tunapiga Shotokan, mtindo mmoja wa karate, Jumanne Alhamisi na Jumamosi. Sasa kule mnajipanga kwa mkanda sio kwa umri, kwa hiyo mimi baba wa watoto wawili nasimama mwisho kabisa wa mstari, na kuna dogo wa miaka 9 ana mkanda wa kijani kila nikikosea anageuka, "Anko, mguu wa kushoto kwanza," na mimi naitikia "Oss!" utadhani naongea na babu yangu.

Wiki mbili za mwanzo nilikuwa moto. Ya tatu mvua zikaanza, mapaja yanauma mpaka kuchuchumaa chooni ni shughuli, nikaanza kutunga visingizio, leo foleni, kesho tumbo. Sensei, yaani mwalimu wetu, akatukalisha chini akasema kila mtu ajiwekee lengo lake, tena lenye tarehe. La kwangu likawa mkanda wa njano, mtihani wa mwezi wa sita. Kwenye mtihani unapiga kata, yaani mapigo yaliyopangwa unayapiga peke yako kwa mfuatano, na ya kwangu ni Heian Shodan, hatua 21, na utamu wake ni kwamba unatakiwa umalizie palepale ulipoanzia. Mimi nikianzia sebuleni namalizia jikoni.

Ili nisikate tamaa nikatumia akili zangu (hapo ndipo matatizo huwa yanaanza), nikaenda Kariakoo nikanunua huo mkanda wa njano kabisa, mapema, muuzaji akaapa na mama yake kwamba hauchuji. Kuvaa mkanda ambao hujaupata ni aibu kubwa, so ikawa siri, kila alfajiri najifungia chumba cha watoto wakiwa wamelala, nauvaa, najitazama kwenye kioo, napiga kata, zile kelele za hatua ya 9 na ya 17 napiga kimoyomoyo, halafu nauficha. Na niwaambie ukweli ilifanya kazi! Wiki saba sikukosa mazoezi hata siku moja.

Ijumaa, mtihani kesho yake, niko katikati ya kata nasikia Mama Junior anakohoa kwenye korido. Nikavua chapchap, mkanda nikaufutika ndani ya mguu wa suruali, gi yote, ile sare nyeupe ya karate, nikaitupia kwenye tenga la nguo chafu, nikakimbilia kazini na nikasahau mazima. Yeye masikini ya Mungu akaona mume wangu kesho ana mtihani ngoja nimfulie, akaloweka kwenye beseni, maji ya moto, sabuni ya unga, toka asubuhi mpaka saa tisa.

Narudi jioni nakuta kwenye kamba kumeanikwa kitu rangi ya mchuzi wa nazi uliozidi manjano. "Hii ya nani?" "Yako." Pembeni yake mkanda umepauka, mweupe pee. "Na hii kamba nimeikuta ndani ya suruali, ya kazi gani?" Nikakosa jibu. Kule dojo tunaambiwa mkanda haufuliwi, ndio jasho lako lile, kuna hadi stori kwamba mkanda mweusi zamani ulikuwa mweupe uliochafuka tu miaka mingi. Ya uongo ile, mikanda karate iliazima kwa judo ya mzee Jigoro Kano, ila ni tamu. Wangu ulifuliwa hata kabla sijaustahili.

Saa tatu usiku tukajaribu jiki. Jiki ikatoa rangi pale ilipojisikia, kwingine ikaacha. Asubuhi nikavaa twiga.

Mtahini alikuwa mgeni. Akaniangalia juu mpaka chini, akamnong'oneza sensei, sensei akainama kama anatafuta kitu sakafuni huku mabega yanatikisika.

"Wewe unafanyia mkanda gani?"

"Njano, Sensei."

"Naona umeamua kuanzia kwenye suruali."

Yule dogo wa kijani ndio aliniua, alipiga magoti kabisa kwa kucheka, ukumbi mzima ukafuata, mpaka wazazi waliokaa kwenye mabenchi. Nikapiga kata na hasira zangu zote, na hasira nadhani ndizo zilinibeba, maana hatua ya 9 nilitoa ukelele mpaka kunguru wakaruka juu ya bati, na nilivyomaliza nilikuwa nimepishana na nilipoanzia kwa hatua moja tu. Nikapita.

Mkanda unajinunulia mwenyewe. Jumatatu nikarudi dukani kwa yuleyule muapaji, akanikumbuka.

"Kaka, si ulishachukua wa njano? Uko wapi?"

Nikamwambia upo, uko kwenye suruali.