Je, hisi zifungwe au ziongozwe?

Katika Katha Upanishad, andiko la kale la Kihindu, Yama, mungu wa mauti, anamfundisha kijana Nachiketa kwa mfano wa gari la farasi. Mwili ndio gari, hisi ndio farasi, manas, yaani akili inayopokea na kutamani, ndiyo hatamu, buddhi, yaani busara inayoamua, ndiye mshika hatamu, na atman, nafsi ya ndani kabisa, ndiye mwenye gari. Swali ambalo mfano huo unalizua, na ambalo wafasiri wa Kihindu wamelijibu kwa njia zinazopingana, ni kama anayetafuta ukombozi awafungue farasi na kushuka, au aendelee na safari akiwa amewadhibiti.

Wanaotetea kujitenga wana hoja nzito. Sura ya 2 ya Bhagavad Gita, andiko la Kihindu ambamo mungu Krishna anamfundisha shujaa Arjuna, inamsifu anayezirudisha hisi zake kama kobe anavyovuta viungo vyake ndani ya gamba, kisha inaonyesha maangamizi yanavyojengeka: kukiwazawaza kitu huzaa kushikamana nacho, kushikamana huzaa tamaa, tamaa huzaa hasira, hasira huleta mkanganyiko, kumbukumbu huvurugika, na hapo busara huangamia. Akili inayoifuata hisi moja tu huichukua busara kama upepo unavyochukua chombo majini, taswira ambayo mtu wa pwani hahitaji kufafanuliwa. Kwa msingi huo mwanafalsafa wa Kihindu Shankara, katika ufafanuzi wake wa Gita, alishikilia kwamba kinachokomboa ni maarifa; matendo huitakasa akili tu, na aliyekwisha kujua huyaacha.

Hata hivyo, sura ya 3 inamwita mnafiki yule anayezuia viungo vya kutenda huku moyoni akiendelea kuviwaza vinavyotamaniwa. Bal Gangadhar Tilak, mpigania uhuru wa India aliyeandika Gita Rahasya, ufafanuzi wake wa Gita, akiwa kifungoni Mandalay na kuichapisha mwaka 1915, alisisitiza kwamba fundisho kuu ni kutenda bila kung'ang'ania matunda ya tendo. Naegemea upande wake, na sababu imo katika mnyororo ule ule wa sura ya 2, ambao hauanzi na jicho kuona bali na akili kuwazawaza, kwa hiyo kuyafumba macho hakugusi mzizi.

Lakini upande huu nao una deni. Gita hiyo hiyo inasema matendo yote hufanywa na sifa za prakriti, yaani maumbile, na kwamba ni majivuno yanayomfanya mtu adhani yeye ndiye mtendaji. Falsafa ya Sankhya inaihesabu manas kuwa kiungo cha 11, baada ya hisi 5 za kujua na viungo 5 vya kutenda, na hata buddhi huiweka ndani ya prakriti. Basi mshika hatamu ameumbwa kwa udongo ule ule wa farasi. Wanyaya, wafuasi wa falsafa nyingine ya Kihindu iitwayo Nyaya, wanalikataa hilo, wakisema nafsi yenyewe hujua, hutamani na hujitahidi. Arjuna alipolalamika kwamba akili ni ngumu kuizuia kama upepo, Krishna alikubali, akataja mazoezi ya kudumu na kutoshikamana. Hiyo ni namna ya kushika hatamu. Anayezishika ni nani, Sankhya na Nyaya hazijapatana.