Bangili za binti na suhuba ya watawa

Binti mmoja alibaki nyumbani peke yake, mara wakatokea wageni waliokuja kumposa. Akawakaribisha, kisha akaingia ndani kutwanga mpunga ili awapikie. Kila mchi ukishuka, bangili za mikononi zinagongana. Akaona haya, maana kelele ile ingewaambia wageni kwamba nyumba hii haina hata mtu wa kutwanga. Akazivunja moja moja mpaka zikabaki mbili kila mkono. Bado zikalia. Akavunja tena, ikabaki mojamoja, na kukawa kimya.

Kisa hiki kimo katika kitabu cha 11 cha Bhagavata Purana, mojawapo ya maandiko makuu ya Wahindu wanaomwabudu Krishna. Msimulizi ni mtawa mzururaji anayesema amejifunza kwa walimu 24, wakiwemo ardhi, upepo, nyuki, chatu na binti huyu. Funzo lake halina mapambo: wakikaa wengi huzuka ugomvi, wakikaa wawili huzuka soga, kwa hiyo kaa peke yako kama bangili ile. Sisi tumezoea kuambiwa kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Huyu anatuambia bangili moja haipigi kelele.

Sasa tazama jinsi andiko hili linavyovutana lenyewe kuhusu upweke na suhuba. Maneno hayo ya mtawa ni Krishna anayemsimulia rafiki yake Uddhava. Sura tatu mbele, Krishna huyohuyo anamwambia Uddhava huyohuyo kwamba yoga, kusoma Veda, yaani maandiko ya kale ya Wahindu, kufunga, kutoa kafara na kwenda hija havimshiki yeye kama inavyomshika satsanga, yaani suhuba ya watu wema. Na mwanzoni mwa andiko hilohilo imeshasemwa kwamba kitambo kidogo pamoja na wampendao Mungu hakilinganishwi na mbingu, wala na kukombolewa kutoka mzunguko wa kuzaliwa upya. Si dai dogo hilo. Kwa Mhindu, kukombolewa huko ndiko mwisho wa safari, na hapa kunawekwa chini ya mazungumzo ya jioni na watawa.

Wanaotetea suhuba hukimbilia kisa cha Narada, mtawa mashuhuri wa andiko hilo, na wana haki, kwa sababu ni kisa kizuri. Narada anasimulia maisha yake ya awali, kabla hajazaliwa upya, alipokuwa mtoto wa mjakazi. Watawa walipiga kambi pale kupisha msimu wa mvua, naye akawekwa kuwatumikia. Hakuwa mtundu, hakuwa msemaji. Kwa idhini yao alikula makombo ya chakula chao, na kila siku alisikia wakisimulia habari za Krishna. Mvua zikaisha, wakaenda zao. Baadaye mama yake alitoka usiku kwenda kukamua ng'ombe, nyoka akamgonga, akafa. Mtoto wa miaka mitano akashika njia kuelekea kaskazini, peke yake.

Hapa ndipo watetezi wa upweke nao hupata hoja yao. Narada alipomwona Mungu moyoni mwake hakuwa na mtu. Alikuwa chini ya mti msituni, na watawa wake walishaondoka zamani. Maono yakatoweka, akahangaika, kisha sauti ikamwambia kwamba hatayaona tena katika maisha hayo. Lakini sauti hiyo iliongeza jambo ambalo wengi hulipita haraka: kwamba akili yake ilitulia kwa Mungu kwa sababu aliwatumikia watu wema, hata kama ni kwa muda mfupi. Muda mfupi! Mvua za msimu mmoja zilitosha. Nikisoma hapo, naona suhuba inayosifiwa ni ile inayomwezesha mtu kukaa peke yake baadaye bila kupotea.

Kwamba upweke wenyewe hauna usalama, andiko linajua. Mfalme Bharata aliacha ufalme akaenda kuishi kando ya mto Gandaki. Akamwokoa mtoto wa paa aliyeanguka mtoni, akamlea, akammiminia mapenzi yote aliyodhani ameyaacha ikulu. Alikufa akimfikiria paa, akazaliwa upya akiwa paa. Hakuwa na mwenzake wa kumwambia, "Ndugu, angalia." Alipozaliwa mtu tena alijifanya zuzu ili watu wamkwepe, mpaka siku alipokamatwa abebe machela ya mfalme Rahugana. Na ni mkimbia watu huyu anayemwambia mfalme kwamba elimu ya kweli haipatikani kwa ibada wala kujinyima, ila kwa kuoga vumbi la miguu ya wakuu wa roho.

Vumbi hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Tarehe 2 Julai 2024, katika wilaya ya Hathras, jimbo la Uttar Pradesh nchini India, watu 121 walikufa kwa kukanyagana, wengi wao wanawake. Kibali kilikuwa cha watu 80,000, na polisi walisema walifika zaidi ya 250,000. Walionusurika walieleza kwamba watu walisukumana kuwahi vumbi la mahali alipopita mhubiri. Mkusanyiko ule uliitwa satsang. Ni neno lilelile ambalo majirani zetu Wahindu wa Kisutu, Dar es Salaam, au Mombasa hulitumia kwa kikao cha kawaida cha nyimbo na mawaidha.

Ni rahisi kusema andiko halina kosa. Kweli, Kapila, mwalimu mwingine ndani ya Bhagavata, akimfundisha mama yake Devahuti anataja sifa za mtu wa kusuhubiana naye: mvumilivu, mwenye huruma, rafiki wa kila kiumbe, asiye na adui, mtulivu. Umati haumo. Ila mwanafunzi aliyekwisha kuinamisha kichwa ndiye anayeachiwa kupima kama mwalimu ana sifa hizo, na mtu aliyeinama haoni mbali. Sanga, lile lililomo ndani ya satsanga, lenyewe ni neno la pande mbili: suhuba na kushikamana. Kwa Kapila, kushikamana ndiyo minyororo ya roho, lakini kukielekezwa kwa wema kunakuwa mlango ulio wazi. Bhagavad Gita, andiko jingine lenye mafundisho ya Krishna, inasema sanga huzaa tamaa, na tamaa huzaa hasira, kisha katika sura ya 13 inahesabu kutokuwa na hamu ya mikusanyiko kuwa sehemu ya elimu.

Pamoja na hayo yote mimi naegemea upande wa suhuba, na sababu yangu si ya kifalsafa. Mirabai, bibi wa ukoo wa kifalme wa Rajasthan katika karne ya 16, anaimba katika wimbo unaohusishwa naye kwamba amepoteza heshima ya ukoo kwa kukaa na watakatifu. Mapokeo yanamtaja Ravidas, fundi wa ngozi wa tabaka lililodharauliwa, kuwa mwalimu wake. Upweke usingeweza kumkalisha binti wa ikulu miguuni pa fundi wa ngozi. Hata hivyo milango haikufunguka yote: Chokhamela, mshairi wa karne ya 14, alizuiwa kuingia hekalu la Pandharpur, jimbo la Maharashtra, kwa sababu ya tabaka lake, na watu wa matabaka hayo waliruhusiwa kuingia mwaka 1947 tu, baada ya mwanaharakati Sane Guruji kugoma kula.

Nikirudi kwa binti wa kinu, mtawa aliyemtazama alichukua bangili akaacha wageni. Binti mwenyewe hakuwa anatafuta upweke. Walikuwa wamekaa nje wanamsubiri, na mpunga ulikuwa wao.