Akisema mgongo unauma siku ya sita, usimwambie ni kawaida

Mama aliyejifungua kwa epidurali, yaani ganzi inayopitishwa mgongoni kwa mpira mwembamba ili kupunguza uchungu, akilalamika mgongo, jibu analopewa karibu kila mahali ni "ni kawaida, utapona." Mara nyingi ni kweli. Ubaya ni kwamba hata yule mmoja ambaye usaha unajikusanya kando ya uti wake wa mgongo hupewa jibu hilohilo.

Ni mmoja kweli. Uchambuzi wa mwaka 2006 uliojumlisha wazazi zaidi ya milioni 1.3 ulikadiria maambukizi ya ndani kuwa 1 kwa kila epidurali 145,000. Kwa hiyo sisemi mtu aikatae. Ninachodai ni barakoa inayofunika pua, na masikio yaliyo wazi baada ya mama kurudi nyumbani.

Vijidudu vina njia mbili kuu. Staphylococcus aureus wa kwenye ngozi hufuata mpira mwembamba uliobaki mgongoni na kuzaa jipu. Streptococcus salivarius, ambaye hukaa mdomoni bila kumdhuru mtu, husafiri na matone ya mate hadi kwenye sindano, na akifika kwenye maji ya uti huleta homa ya uti wa mgongo. Nchini Marekani, kati ya 2008 na 2009, wanawake watano wa New York na Ohio waliugua hivyo baada ya ganzi ya mgongo wakati wa uchungu. Wawili wa Ohio walihudumiwa na daktari mmoja wa usingizi ambaye hakuwa na kawaida ya kuvaa barakoa. Mmoja wao alifariki.

Tazama kazi yenyewe ilivyo. Mzazi ameketi amejikunja, kidevu kifuani, na uso wa daktari uko karibu na tundu la sindano huku akizungumza naye: "usitikisike, vuta pumzi." Kila neno lina mate. Barakoa iliyoshuka chini ya pua haitoshi, na mume au muuguzi aliyesimama karibu avae pia. Ngozi ipakwe dawa ya kuua vijidudu, klorheksidini ya asilimia 0.5 yenye spiriti, kisha iachwe ikauke kabisa. Kuharakisha hapa ni kosa mara mbili: dawa isiyokauka haijamaliza kazi yake, na ikiingia ndani na sindano inaweza kuumiza neva. Ndiyo maana bakuli lake halipaswi kukaa kwenye trei ya sindano. Mpira ukichomoka kwenye kiungio na hakuna aliyeona ulichomoka lini, utolewe.

Kwetu Afrika Mashariki wengi huchomwa sindano moja tu ya mgongo kwa ajili ya upasuaji, bila mpira kubaki. Hatari ya jipu hupungua sana, lakini ya mate iko palepale.

Homa wakati wa uchungu isimtishe mtu peke yake, maana epidurali yenyewe hupandisha joto kwa baadhi ya wazazi. Kichwa kinachouma ukiketi na kutulia ukilala mara nyingi hutokana na maji ya uti kuvuja. Kisichotulia hata ukilala, kikiambatana na homa, shingo ngumu, kutapika au kuchanganyikiwa, ni dharura ya saa hiyohiyo, na kwa kawaida huanza ndani ya siku mbili za mwanzo.

Jipu huchelewa: siku nne, kumi, wakati mwingine wiki kadhaa. Maumivu huongezeka kila siku, na ukibonyeza kwa kidole pale palipochomwa mama hushtuka. Homa inaweza isiwepo. Baadaye maumivu hushuka miguuni, miguu hulegea, mkojo hugoma. Hapo kinachotakiwa ni MRI (kipimo cha picha ya ndani ya mgongo) siku hiyohiyo, damu ichukuliwe kuoteshwa vijidudu, antibayotiki zinazomuua Staphylococcus aureus zianze, na daktari wa upasuaji aitwe. Sindano ya kutoa maji ya uti isipitishwe kwenye eneo lenye usaha. Anayefika akiwa bado anatembea ana nafasi nzuri zaidi ya kuendelea kutembea kuliko aliyesubiri hadi miguu ikagoma.

Karatasi ya ruhusa iandikwe tarehe ya sindano, dalili hizi kwa Kiswahili, na namba ya simu ya wodi. Atakayepokea simu hiyo aulize: Unaweza kusimama kwa visigino? Umekojoa leo? Akisikia "hapana" moja, amwambie mama aje sasa hivi, asimpangie kliniki ya wiki ijayo.