Sonona: tunalaumu mno kujilinganisha

"Acha kujilinganisha na watu." Siku hizi hiyo ndiyo panadoli ya kila mwenye sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, na hapa Dodoma unaona kabisa inatoka wapi. Tangu serikali itangaze kuhamia huku mwaka 2016, mji umepanda mbele ya macho yetu. Uliyesoma naye Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) anapaua nyumba Iyumbu, wewe bado umepanga chumba Chang'ombe, na picha za mabati yake zipo kwenye simu yako kabla hujanywa chai.

Hoja ina uzito. Watafiti wamekuta mara nyingi kwamba wenye sonona hujiona wako chini ya wenzao. Ila kukuta mambo mawili pamoja hakukuambii lipi limelileta jingine. Mwanasaikolojia Leon Festinger, aliyeandika nadharia ya kujilinganisha mwaka 1954, alisema tunajipima kwa wenzetu pale tunapokosa kipimo kingine. Fundi cherehani wa Majengo atajuaje kola yake imekaa vizuri asipochungulia ya jirani? Anachungulia, anafumua, anashona upya. Mwenye sonona anachungulia kola hiyohiyo na kuamua kwamba yeye si fundi, hajawahi kuwa, na wateja wanamwonea huruma tu. Wote wawili wamejilinganisha. Mmoja amejihukumu.

Hukumu hiyo wala haihitaji mwenye nyumba Iyumbu. Tazama tunavyofariji: "Wenzako hata mlo mmoja hawana, wewe una kazi na watoto wazima." Mwenye afya anaweza kupata nafuu kidogo. Anayejishutumu anasikia kingine: kweli, mimi nalia nini, sina hata shukrani. Tumemwongezea shtaka, tena kwa nia njema. Ndiyo maana naona tiba kama ya mwanasaikolojia Paul Gilbert wa Uingereza, inayomfundisha mtu kujihurumia badala ya kujisuta, inagusa penyewe kuliko kumfutia mtu WhatsApp.

Hata hivyo, nisingependa tuhamishie kila kitu kichwani mwa mgonjwa. Anayedaiwa kodi ya miezi mitatu, na aliyehitimu naye ameshaajiriwa, hajadanganywa na fikra zake. Pengo analiona na lipo. Kumwambia ajihurumie huku mwenye nyumba anagonga mlango ni dhihaka. Huyo anahitaji mtu wa kuongea naye, na anahitaji kazi.