Mchujo Usio na Mchujaji

Tangu Januari 2, 2025, Mmarekani anayetaka kuweka mtaji katika kampuni ya China inayoshughulika na chipu, teknolojia ya kwanta au akili mnemba anabanwa na kanuni za Wizara ya Fedha ya Marekani, zilizotokana na amri ya Rais Joe Biden ya Agosti 2023. Miamala mingine imepigwa marufuku, mingine inaruhusiwa mradi wizara iarifiwe. Watetezi wa kanuni hizi huwauliza wafanyabiashara: sekta ni tatu, nchi ni moja, na hisa zinazouzwa katika masoko ya hisa zimeachwa nje, mnalalamikia nini?

Hoja ya serikali, kwamba mtaji wa Wamarekani usije ukaimarisha jeshi la China, haipuuziki. China haina uhaba wa fedha. Kinachohofiwa ni yale yanayoandamana na fedha, yaani uzoefu wa uongozi, njia ya kuwafikia wataalamu, na jina linalowavuta wawekezaji wengine.

Hata hivyo, malalamiko hayo yanaeleweka vibaya. Marufuku yenye mipaka inayoonekana kampuni huizoea, kama inavyozoea ushuru. Linaloumiza ni kwamba hakuna anayechuja. Mtaji wa kigeni unapoingia Marekani, kamati ya serikali iitwayo CFIUS huupima na kutoa jibu. Mtaji unapotoka, kanuni hizi hazikuweka dawati la kupeleka faili na kusubiri kibali. Mwekezaji hujihukumu mwenyewe, na akikosea faini inaweza kufikia mara mbili ya thamani ya muamala.

Tena hahukumiwi kwa alichokijua tu, bali hata kwa alichopaswa kukijua kama angeuliza kwa bidii. Hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Mfumo wa akili mnemba uliofunzwa kwa hesabu zinazozidi 10 kwa kipeo cha 25 umo katika marufuku, lakini idadi hiyo inajulikana na wahandisi wa kampuni inayotafuta mtaji, ambao hawana wajibu wa kumweleza mgeni. Mwekezaji akizidi kudadisi, anakutana na sheria ya China ya kupambana na ujasusi, iliyopanuliwa Julai 2023 ikagusa nyaraka na data zinazohusu usalama na maslahi ya taifa. Washington inamtaka aulize. Beijing inaweza kuliona swali lenyewe kuwa kosa. Mwenye busara anafanya nini? Anaacha hata muamala ambao kanuni zinauruhusu, na hasara hiyo haionekani katika takwimu yoyote, kwa sababu hakuna anayehesabu mikataba ambayo haikutiwa saini.

Mzigo huu hauishii kwa Wamarekani. Kampuni ya nchi ya tatu ambayo Mmarekani anaimiliki kwa zaidi ya nusu imo ndani, kwani kampuni mama lazima iizuie kufanya yaliyokatazwa. Mmarekani aliyeajiriwa na mfuko wa uwekezaji wa kigeni naye hujitoa katika maamuzi ya aina hiyo.

Desemba 2025 Bunge la Marekani liliupa utaratibu huu nguvu ya sheria kamili, likiongeza nchi na teknolojia. Sheria hiyo inaitaka wizara iwe na njia ya kumpa maoni mwekezaji anayeuliza kwa siri, ila maoni hayo hayaifungi. Kwa hiyo atakayeuliza atajibiwa, lakini atakayebeba lawama ni yeye.