Mwanzo 15:13: Waisraeli walikuwa watumwa Misri kwa miaka mingapi?

Mimbarani husemwa bila wasiwasi kwamba Waisraeli walitumikishwa Misri miaka 400, na wengine husema 430. Namba zote mbili zimo katika Biblia: Mwanzo 15:13 inataja 400, Stefano anairudia katika Matendo 7:6, na Kutoka 12:40 inataja 430. Lakini ile aya ya Mwanzo inakusanya mambo matatu katika sentensi moja, yaani ugeni, utumishi na mateso, ndipo namba inakuja. Msomaji mwenye haraka huibandika kwenye mateso peke yake.

Hesabu ya Yusufu inatosha kulikataa hilo. Alisimama mbele ya Farao akiwa na miaka 30 (Mwanzo 41:46), ikapita 7 ya shibe na 2 ya njaa (45:6), kwa hiyo baba yake alipoingia Misri yeye alikuwa na kama 39. Alikufa na 110. Miaka 71 ya mwanzo, basi, Waisraeli wa Gosheni, sehemu ya Misri walikokaa, walikuwa ndugu wa mkuu wa nchi. Kutoka 1:6-8 inausogeza mwanzo wa mateso mbele zaidi, kwa sababu ndugu zake wote nao walikuwa wamekwisha kufa. Lawi alimzidi Yusufu miaka michache tu, yaani aliingia Misri na kama 43, akaishi 137. Hapo tumefika kama miaka 94 tangu kuingia. Toa 94 katika 430, zinabaki 336. Utumwa haukuweza kuzidi hapo.

Ubishi wenyewe uko kwenye ile 430: ianzie wapi? Maandishi ya Kiebrania ya Kutoka 12:40 yanazungumzia kukaa Misri tu. Septuaginta, tafsiri ya kale ya Kiyunani, na Torati ya Wasamaria zinaongeza nchi ya Kanaani, na Paulo katika Wagalatia 3:17 anahesabu 430 kutoka ahadi ya Abrahamu hadi torati. Wanaofuata njia hii hupiga hesabu hivi: Abrahamu alitoka Harani na miaka 75, akamzaa Isaka na 100, yaani 25, Isaka alimzaa Yakobo na 60, Yakobo aliingia Misri na 130. Jumla ni 215, nusu kamili ya 430, na nusu nyingine ndiyo ya Misri. Ile 400 huianzisha karibu na Isaka. Mapokeo ya Kiyahudi huianzisha kwenye kuzaliwa kwake hasa, yakapata miaka 210 Misri.

Nguvu ya hesabu hii fupi iko kwenye ukoo wa Musa. Kohathi, mwana wa Lawi, alikuwa tayari amezaliwa safari ya kwenda Misri ilipofanyika (Mwanzo 46:11). Aliishi 133, na mwanawe Amramu, baba yake Musa, 137, Musa alikuwa na 80 alipomkabili Farao (Kutoka 6:18-20, 7:7). Hata kila mmoja akizaa mwaka wa kufa kwake, unapata 350 tu. Zaidi ya hapo, Hesabu 26:59 inamwita Yokebedi, mama yake Musa, binti ya Lawi aliyezaliwa Misri. Kwa hesabu ndefu, ile ya 430 yote Misri, angejifungua Musa akiwa amepita miaka 250.

Wanaoshika hesabu ndefu hujibu kwamba majina yamerukwa, na jibu hilo lina ushahidi. Ezra 7:3 inaruka majina sita yaliyomo katika 1 Nyakati 6:7-10. Hesabu 3:27-28 inawapa jamaa za Kohathi wanaume 8,600 kuanzia mwezi mmoja, wakati Musa yu hai. Kama Amramu ndiye baba mzazi wa Musa na Kohathi ni babu yake, wale 8,600 walikuwa uzao wa babu mmoja kupitia wana wanne tu. Hilo halikubaliki kirahisi.

Kisha kuna sensa. Watu 70 waliingia, wanaume 603,550 wakahesabiwa (Hesabu 1:46). Ukianza na 70, idadi lazima iongezeke maradufu kama mara 13. Kwa miaka 215 ni kila miaka 16 au 17, na hiyo ni kasi kubwa mno, hasa kwa watu waliotupiwa watoto wa kiume mtoni. Kwa miaka 430 ni kila miaka 33, jambo linalowezekana.

Kwangu sensa na orodha ya Kohathi zina uzito kuliko ukoo mfupi, maana orodha za majina katika Biblia huruka vizazi mara nyingi. Wagalatia 3:17 inabaki kikwazo kikubwa kwa hesabu hii ndefu. Wengine hukitatua kwa kuanza kuhesabu pale ahadi iliporudiwa kwa Yakobo huko Beer-sheba (Mwanzo 46:1-4), ingawa Paulo anamtaja Abrahamu waziwazi. Anayeona kikwazo hicho hakiondoki achukue hesabu fupi, ila akubali na matokeo yake: 215 toa 94, utumwa usiozidi miaka 121.